Maji ya ploti yenu yamepimwa na nani?

Ni saa tatu usiku na simu inalia. Kwenye kundi la WhatsApp la ploti kumetua ujumbe ambao umeshasambazwa mara nyingi: maji ya mfereji kuanzia Kangemi hadi Uthiru yana sumu, watoto wawili wamelazwa, daktari wa hospitali moja kubwa amesema tusiyanywe, tafadhali pitisha kwa uwapendao. Chini yake kuna picha ya glasi ya maji ya kahawia ambayo ingeweza kupigwa popote duniani. Dakika kumi baadaye watu wanne wanasema hata wao tumbo limekuwa likiwasokota, mmoja anasema huo ni uongo wa wauza maji ya chupa, naye landilodi hasemi kitu ingawa yuko mtandaoni.

Utafanya nini? Wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunamtumia mama nyumbani, heri nusu shari, ama tunaupuuza kwa sababu juzi walisema vivyo hivyo kuhusu mayai. Yote mawili ni kamari. Ujumbe wa aina hiyo huwa uongo mara nyingi, lakini Nairobi imewahi kuletewa habari mbaya ambazo zilikuwa kweli kabisa, na waliozipuuza wakaumia.

Kuna swali moja linaloweza kukutoa hapo, na halihitaji digrii ya kemia: nani alipima? Sumu iliyo ndani ya maji mara nyingi haina rangi wala harufu. Chembe za moshi zinazoingia ndani kabisa ya mapafu huzioni. Kwa hivyo mtu akikuambia kitu fulani kina sumu, au akikuhakikishia kiko salama, lazima kuwe na mtu mahali fulani aliyechukua sampuli, akaitia kwenye chupa, akaipeleka maabara na kuandika nambari. Kama hakuna aliyefanya hivyo, anayekuambia anabahatisha tu, awe ni jirani, waziri au yule jamaa wa TikTok aliyevaa koti jeupe. (Huyo wa koti jeupe unaweza kumtafuta kwenye sajili ya Baraza la Madaktari, KMPDC, ambayo iko mtandaoni bila malipo. Usiposhangaa kuona jina lake, utashangaa kutoliona.)

Ukishapata jibu la nani, uliza alipima nini, wapi na lini. Tuchukue maji kama mfano, maana hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa zaidi, hasa sisi wa upande huu wa magharibi mwa jiji.

Maji mengi ya mfereji Nairobi hutoka mbali. Yanatoka kwenye mito ya milima ya Aberdare, kupitia bwawa la Ndakaini kule Murang'a na kituo cha kusafisha maji cha Ng'ethu, na mengine bwawa la Sasumua kule Nyandarua. Tatizo ni kwamba mfereji hautoi maji kila siku, nawe unajua. Ndiyo maana majumba ya ghorofa ya Kileleshwa, Lavington na Westlands yana visima virefu vilivyochimbwa kwa mtambo, nazo ploti za Kangemi, Kawangware na Uthiru hununua maji ya lori au ya mkokoteni ambayo mara nyingi nayo yametoka kisimani. Ukifungua bomba la jikoni leo, huwezi kujua kwa macho kama unakunywa Aberdare au unakunywa kisima cha jirani.

Tofauti yake si ndogo. Maji ya mito ile yana floraidi kidogo. Yale ya chini ya ardhi yamekaa kwenye miamba ya volkano, na miamba hiyo huachia floraidi ndani ya maji. Visima vingi vya Nairobi vimepatikana na floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani, WHO, na pia cha viwango vinavyotumika Kenya. Floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo sababu imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi, mtoto mdogo ambaye meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi huja kuota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu mifupa. Uliza watu wa Nakuru na Naivasha, au vuka mpaka uulize Arusha. Huko vizazi na vizazi vimekua na meno hayo, na kijana anajifunza kucheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Sasa fikiria ushauri ambao sote tumelelewa nao: chemsha maji. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo ni ushauri sahihi kabisa, moto unaua vijidudu. Na usidhani kipindupindu ni cha mitaa ya mabanda peke yake. Mwaka 2017 kiliingia hadi kwenye mikutano ya watu wenye suti katikati ya jiji, na mawaziri wawili wakatibiwa. Lakini floraidi haiuliwi kwa moto, kwa sababu si mdudu. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, na lita uliyobaki nayo ina floraidi nyingi kuliko ile uliyoanza nayo. Madini ya risasi ni vivyo hivyo. Kinachopunguza floraidi ni vichujio maalum, kama vile vya mkaa wa mifupa ambavyo vimetumika sana Nakuru, au mitambo ya kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, ile ambayo wauzaji wengi wa maji ya mitungi wanayo.

Kwa hiyo ukimuuliza landilodi "maji haya ni safi?", atakujibu ndiyo, na huenda hadanganyi. Pengine anamaanisha hayana matope. Muulize hivi: kisima hiki kilipimwa floraidi na bakteria lini mara ya mwisho, na cheti kiko wapi? Wengi wana cheti kimoja tu, cha siku kisima kilipochimbwa. Kisome. Kina tarehe? Kina jina la maabara? Kinasema sampuli ilichukuliwa kisimani, kwenye tangi la juu au kwenye bomba la nyumba? Maji yanaweza kutoka ardhini bila kijidudu kisha yakachafukia tangini, ambamo huenda hakuna aliyechungulia tangu jumba lijengwe. Cheti cha kisima hakikuambii chochote kuhusu tangi.

Mkiamua kupima wenyewe, changeni kama mnavyochanga za mlinzi. Msianze na orodha ndefu ya vipimo, mtafilisika. Kwa maji ya kisima Nairobi, floraidi na bakteria wa E. koli ndipo pa kuanzia. Maabara nayo ichunguzeni: kuna shirika la serikali liitwalo KENAS ambalo kazi yake ni kuidhinisha maabara, na orodha ya zilizoidhinishwa na kwa vipimo gani iko wazi. Chupa ya sampuli iombeni kwa maabara. Ile ya soda mliyoisuza itawapa majibu kuhusu soda. Na sampuli ya bakteria haikai kwenye boneti ya gari siku mbili. Inafaa ifike ikiwa baridi, ndani ya saa 24.

Kupima kitu kisichohusika kunaweza kugharimu maisha, na kisa cha kujifunzia kiko Mombasa. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu karibu na kijiji cha Owino Uhuru. Mtoto wake mchanga akaugua. Madaktari walitafuta magonjwa ya kawaida, yale ambayo kila mtoto wa Pwani huyapata, na jibu halikupatikana hadi damu yake ilipopimwa madini ya risasi. Hapo ndipo wakazi walipojua ni nini kilichokuwa kikiwapata. Bi Omido aliendelea hadi akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, mahakama ya Mombasa ikawapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, na baada ya safari ndefu ya rufaa, Mahakama ya Juu ikarejesha fidia hiyo Desemba 2024. Kesi nzima ilisimama juu ya vipimo, vya damu na vya udongo.

Kabla ya kusema hayo ni ya Mombasa, kumbuka kuwa mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa Gigiri, lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa la Dandora. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Ripoti hiyo haikufichwa, iko mtandaoni, na bado kuna watu wanaoishi kilomita moja kutoka pale ambao hawajawahi kuisikia.

Waziri akisema, je?

Utaniambia serikali itatuambia. Mara nyingine hutuambia, na hutuambia vizuri. Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha aina 5 za unga wa mahindi baada ya vipimo kuonyesha sumu ya aflatoksini imezidi kikomo. Sumu hiyo hutokana na kuvu, na kusonga ugali hakuiondoi. Si mchezo: mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa maeneo ya Makueni, Kitui na jirani yake kwa mahindi yenye kuvu. Tangazo la 2019 lilikuwa na majina ya unga, sumu iliyotafutwa na kikomo chake. Hiyo ni habari unayoweza kuitumia ukiwa umesimama mbele ya rafu ya duka.

Linganisha na sukari ya 2018. Juni mwaka huo, waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, alisema sukari ya magendo iliyonaswa ilikuwa na zebaki na shaba. Nchi nzima ikaanza kunywa chai mkandaa bila sukari. Kisha waziri wa Viwanda na Biashara, Adan Mohamed, akawaambia wabunge kuwa vipimo havikuonyesha zebaki. Serikali moja, sukari moja, mawaziri wawili. Kamati ya Bunge ikachunguza, ripoti ikaletwa, na Agosti Bunge likaitupa nje katikati ya madai ya hongo. Mwananchi aliyetaka kujua kama aweke kijiko kwenye kikombe aliachwa palepale alipoanzia.

Nakumbuka watu wakigawanyika kwa waziri wanayempenda. Hilo halikuwa na maana yoyote, kwa sababu waziri si maabara. Kilichohitajika ni karatasi: sampuli ngapi, zilitoka ghala lipi, zilipimwa kwa njia gani, kiwango kilikuwa ngapi na kikomo ni ngapi. Ofisi ikitoa kauli bila hizo nambari, hata ikiwa ni ofisi unayoiamini, iweke kwenye rafu ya "inasemekana" hadi karatasi ije.

Na ofisi ikinyamaza kabisa? Tanzania ilitoa takwimu za Covid-19 mara ya mwisho mwishoni mwa Aprili 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Nambari hizo zilibaki zilivyo kwa zaidi ya mwaka. Mtu asiyeangalia tarehe angedhani ugonjwa umeisha. Tarehe ya chini ya takwimu isome kabla ya takwimu yenyewe.

Karatasi iliyokuwepo

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Embakasi. Ndiyo, ni upande mwingine wa jiji, lakini kingeweza kutokea kwenu. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka mtaani Mradi. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba zikaungua. Kesho yake Mamlaka ya Kawi na Petroli, EPRA, ikatoa taarifa: maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamewasilishwa kwao mara tatu mwaka 2023, na mara zote tatu yakakataliwa kwa sababu hayakutimiza masharti ya usalama, ukiwemo msongamano wa watu wanaoishi karibu. Wakati huohuo ikabainika kuwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, ilikuwa imetoa leseni. Baadaye NEMA ikakiri leseni haikutolewa kwa njia ifaayo, na maafisa wake wanne wakasimamishwa kazi.

Isome tena taratibu. Habari ya kuokoa maisha ilikuwepo, imeandikwa, imo kwenye faili katika ofisi ya umma, miezi kadhaa kabla ya mlipuko. Hakukuwa na uchunguzi mpya wa kufanya. Waliokuwa wamelala hatua chache kutoka pale ndio ambao hawakuwa nayo, na hakuna aliyeona ni kazi yake kuwapelekea.

Sasa angalia dirishani kwako. Kuna ghorofa inachimbwa Kileleshwa, kuna kituo cha mafuta kinajengwa kando ya Waiyaki Way, kuna jamaa amefungua karakana ya betri nyuma ya ploti Kawangware. Miradi mikubwa ya namna hiyo kisheria hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na ripoti zake NEMA huziweka kwenye tovuti yake ili umma utoe maoni. Ni ndefu na zinachosha, sikudanganyi, lakini si lazima usome kurasa zote. Nenda kwenye sehemu inayosema wakazi waliulizwa. Utakuta orodha ya waliohojiwa. Ukikuta mradi wa ghorofa 14 na wakazi sita tu waliohojiwa, wote wakisema "mradi ni mzuri, utaleta ajira", umeshajua kitu. Notisi rasmi nazo huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la serikali, ambalo siku hizi unalisoma bure kwenye tovuti ya Kenya Law bila kupanga foleni kwa Mpiga Chapa wa Serikali pale Haile Selassie.

Kuna hazina nyingine ambayo vijana wengi wanaipita kila siku wakiwa kwenye matatu. Chuo Kikuu cha Nairobi, kuanzia kampasi ya Chiromo hadi ile ya Upper Kabete, kina miaka mingi ya tasnifu za wanafunzi waliopima maji, udongo, mboga na moshi wa jiji hili. Nyingi zimewekwa kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, wazi kwa kila mtu. Mto Nairobi unaoanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapita Dagoretti na Kawangware kabla ya kufika Chiromo na Museum Hill, umepimwa mara nyingi kuliko unavyodhani, na pia sukumawiki inayomwagiliwa kwa maji yake. Kwenye Google andika site:uonbi.ac.ke kisha maneno unayotafuta na jina la mtaa. Utapata mambo ambayo hayajawahi kufika kwenye taarifa ya saa moja. Usichukue tasnifu moja kama Msahafu, lakini angalia ilipima sampuli ngapi na mwaka gani. Sampuli tatu za mwaka 2009 hazikuambii kuhusu sukumawiki ya leo jioni.

Na akili unde? Itumie ikufafanulie maneno magumu ya ripoti uliyonayo mkononi. Usiiulize kama maji ya Kangemi ni salama. Itakujibu kwa ufasaha mkubwa, na haijawahi kufika Kangemi na chupa.

Hewa ni kesi ya peke yake kwa sababu simu yako inakuonyesha nambari kila asubuhi. Programu inasema "Nairobi 62". Hiyo 62 ni ya nini? Mara nyingi ni faharasa, yaani alama ya kurahisisha mambo. WHO haitumii alama hiyo. Yenyewe hutumia mikrogramu za chembe ziitwazo PM2.5, ambazo ni ndogo kiasi kwamba unywele wako una upana wa karibu chembe 30 zikipangwa. Tangu 2021 WHO inashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, na wa siku moja usizidi 15. Kwa faharasa ya Marekani, alama 100 ni kama mikrogramu 35. Kwa hiyo mtu anayechukua alama ya simu na kuilinganisha na kikomo cha WHO analinganisha kilo na maili, na mtandaoni wanafanya hivyo kila wiki.

Angalia pia mtambo uko wapi. Mtambo ulio kwenye miti ya Gigiri hauwezi kukuambia unachovuta ukisubiri gari stendi ya Kangemi saa kumi na mbili asubuhi. Baadhi ya programu hazina mtambo karibu nawe kabisa. Hukadiria kwa setilaiti na kuandika hivyo kwa herufi ndogo. Mitambo ya bei nafuu imetusaidia sana, kama ile ya AirQo iliyoundwa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, na ya mradi wa sensors.AFRICA, lakini ina udhaifu mmoja wa kujua: unyevu ukizidi, baadhi huhesabu matone ya ukungu kama moshi. Ukiishi Kinoo au Uthiru na ukungu wa Julai unateremka kutoka Limuru, nambari ya alfajiri itilie shaka kidogo, usubiri ya saa nne. Na usitegemee chanzo kimoja. Machi 2025 Marekani iliacha kuchapisha takwimu za mitambo ya hewa ya balozi zake duniani, zikiwemo za Kampala na Addis Ababa, na waliokuwa wakizifuata kila siku wakaachwa gizani.

Wapo watu pia, si tovuti tu. Kila kaunti ndogo ina afisa wa afya ya umma, yule ambao wazee wetu walimwita bwana afya. Kazi yake ni pamoja na kufuatilia maji, vyoo na vyakula, na ndiye wa kwanza kujua kama kweli kuna watoto wawili waliolazwa. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu ana nambari yake. Ule ujumbe wa saa tatu usiku ungekufa hapo kwa simu moja, au ungethibitishwa. Kwa picha na video zinazozunguka, makundi kama Africa Check, PesaCheck na Piga Firimbi huchunguza na kuchapisha matokeo. Kwa unga na bidhaa nyingine zenye nembo ya KEBS, tuma SM, alama ya #, kisha nambari iliyo chini ya nembo kwenda 20023. Nembo huigizwa, kwa hiyo linganisha jina linalorudi na lililo kwenye pakiti.

Andika barua

Yote hayo yakishindikana, kuna sheria ambayo vijana wengi hawajaigusa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaeleza namna. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Huhitaji kueleza kwa nini unataka habari hizo. Kuwasilisha ombi hakuna ada. Unaweza kutozwa tu gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Inaweza kujiongezea muda mara moja, siku zisizozidi 14.

Tena si serikali tu. Sheria hiyo inagusa pia kampuni binafsi iliyo na habari zenye umuhimu mkubwa kwa umma kuhusu mazingira, afya au usalama wa watu. Kiwanda cha mtaani kinachotoa moshi wa kijani hakiwezi kukuambia tu kwamba hayo ni mambo yake ya ndani.

Barua iwe fupi na iulize kitu kinachojibika. Wengi huandika "naomba habari zote kuhusu maji" na kurudishiwa brosha yenye picha ya mtoto anayetabasamu. Andika hivi:

"Kwa Mkurugenzi Mkuu. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za matokeo ya vipimo vya maji yaliyosambazwa mtaa wa Kangemi katika miezi 12 iliyopita, yakionyesha floraidi, klorini iliyosalia na bakteria wa E. koli, pamoja na tarehe na mahali kila sampuli ilipochukuliwa na jina la maabara iliyopima. Naomba nitumiwe kwa barua pepe."

Tia jina, nambari ya simu na tarehe. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Kama ni kwa barua pepe, usiifute.

Wakinyamaza au wakikataa, ndani ya siku 30 unaweza kupeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi huiita ofisi ya Ombudsman, ambayo ina mamlaka ya kuagiza habari zitolewe. Nako hakuna wakili anayehitajika. Ofisi yake kuu kwa miaka mingi imekuwa jumba la West End Towers, Waiyaki Way, Westlands. Ukitokea Kangemi au Uthiru ni matatu moja tu. Ukitokea mjini, panda zinazokwenda Westlands. Beba ile nakala yenye muhuri, maana bila tarehe iliyo juu yake hakuna pa kuanzia kuhesabu zile siku 21.